Minyororo Miguuni mwa Sanamu ya Uhuru: Je, Ilijengwa kwa Ajili ya Watumwa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia kidato cha tatu hapa Tanga. Wanafunzi wangu wamenionyesha video kwenye simu inayodai kwamba Sanamu ya Uhuru ya New York haikuwa zawadi ya miaka mia ya uhuru wa Marekani. Eti Wafaransa waliitengeneza kuwaenzi watumwa waliokombolewa, na ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mweusi aliyekata minyororo. Wamarekani wakaikataa, ndipo ikatengenezwa nyingine yenye sura ya Kizungu. Mimi nilivyosoma ni zawadi ya urafiki tu. Nani mkweli? Na hiyo minyororo ipo kweli?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hilo la mwisho: minyororo ipo. Bibi yule hakusimama wima kama picha nyingi zinavyotufanya tudhani. Kisigino cha mguu wa kulia kimeinuka, anapiga hatua, na chini ya pindo la joho lake kuna pingu na mnyororo uliokatika. Hauonekani kirahisi. Sanamu yenyewe ina urefu wa mita 46 na imewekwa juu ya kiweko kirefu cha mawe, hata ncha ya mwenge ikafika mita 93 kutoka ardhini. Aliyesimama chini akitazama juu huona mikunjo ya nguo tu, na aliye kwenye boti bandarini ndiyo kabisa. Picha zilizopigwa kutoka angani ndizo zinazouonyesha vizuri. Mamilioni ya watalii wamepanda ngazi za ndani mpaka kwenye taji na kurudi makwao bila kujua kwamba walipita jirani na mnyororo.

Kwa hiyo video ya wanafunzi wako imeokota jambo la kweli, kisha ikalivalisha nguo za kuazima. Utumwa umo katika chimbuko la sanamu hii, na kitabu ulichosomea kimekunyima hilo. Lakini mwanamke mweusi aliyekataliwa na Wamarekani hayumo. Kuna mwanamke mwingine, Mmisri, ambaye nadhani ndiye aliyezaa uvumi huo. Nitamfikia.

Wa kwanza kumjua ni mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Marekani maishani mwake. Édouard de Laboulaye alikuwa mwanasheria na profesa wa Collège de France jijini Paris. Alifundisha katiba ya Marekani na kuandika historia ya nchi hiyo katika juzuu tatu, wakati Ufaransa yenyewe ikiwa chini ya mfalme, Napoleon wa Tatu, ambaye magazeti hayakuweza kumkosoa waziwazi. Kuisifu Marekani darasani ilikuwa njia ya kumsema mfalme kwa mafumbo, na wanafunzi walielewa wanaambiwa nini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, Laboulaye alisimama upande wa Kaskazini na kuwaandikia Wafaransa kwamba haifai nchi yao kuyatambua majimbo ya Kusini yaliyopigania kubaki na watumwa. Hakuwa mtu wa maneno matupu. Alikuwa rais wa kamati ya Wafaransa ya kupinga utumwa, iliyokusanya misaada kwa ajili ya watu waliotoka utumwani.

Tukumbuke pia kwamba Mfaransa wa wakati ule hakuwa na haki ya kumtazama Mmarekani kwa dharau. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, Napoleon wa kwanza akaurudisha 1802, ukafutwa tena 1848. Laboulaye na wenzake waliyaona hayo ya 1848 kwa macho yao.

Abraham Lincoln alipouawa Aprili 1865, Wafaransa zaidi ya 40,000 walichangia senti chache chache kumtengenezea mjane wake medali ya dhahabu. Serikali ya mfalme haikupendezwa na mchango ule, na medali ikabidi itengenezwe Uswisi. Desemba mwaka huohuo Marekebisho ya 13 ya Katiba yakafuta utumwa Marekani nzima. Hiyo ndiyo hewa aliyokuwa akiivuta Laboulaye.

Vitabu vingi husema wazo la sanamu lilizaliwa papo hapo, mwaka 1865, mezani kwa Laboulaye, nyumbani kwake Glatigny karibu na Versailles. Wageni walikuwa wamemaliza kula, mazungumzo yakageukia urafiki wa mataifa mawili, na kijana mmoja mchonga sanamu aliyekuwa akisikiliza akaondoka na wazo kichwani. Hadithi tamu. Tatizo lake ni msimulizi. Aliyeitoa ni huyo mchonga sanamu mwenyewe, Frédéric Auguste Bartholdi, katika kijitabu cha kuchangisha fedha cha mwaka 1885, miaka ishirini baada ya chakula hicho na miaka miwili baada ya mwenyeji wake kufariki. Wanahistoria wengi wa sasa hawaiamini tarehe hiyo, na mimi ni mmoja wao. Bartholdi alikuwa na sababu nzuri ya kulirudisha wazo lake nyuma hadi 1865, na sababu hiyo iko Misri.

Bartholdi alizaliwa Colmar, katika jimbo la Alsace, mwaka 1834. Akiwa na miaka ishirini na moja hivi alipanda Mto Nile pamoja na wachoraji wenzake, akaziona zile sanamu kubwa za mafarao zilizochongwa kwenye mwamba. Ukubwa ule ulimwingia akilini na haukutoka tena. Mwaka 1867 mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alikuja Paris kwenye Maonyesho ya Dunia. Mfereji wa Suez ulikuwa ukichimbwa, na Bartholdi akaona nafasi. Alibuni mnara wa taa wa kusimama kwenye mlango wa kusini wa mfereji, wenye umbo la mwanamke wa shamba wa Kimisri, fallaha, aliyevaa nguo ndefu za kijijini na kuinua taa juu kwa mkono mmoja. Jina lake lilikuwa Misri Ikipeleka Mwanga Asia. Mwaka 1869 alizibeba picha zake hadi Misri kumwonyesha Ismail.

Ismail hakutoa fedha, na Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeuongoza mradi wa mfereji, naye hakuupigia debe mnara huo. Mfereji ukafunguliwa tarehe 17 Novemba 1869 bila fallaha. Miaka sita tu baadaye madeni yalimfikisha Ismail mahali pa kuiuzia Uingereza hisa zake za mfereji. Kwetu pwani mfereji huo uliacha alama ya haraka: mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kubeba barua na abiria kati ya Aden na Unguja, na safari ya Ulaya ikawa si ile tena ya kuzunguka bara zima.

Sasa zitazame picha za rangi za maji za fallaha yule ukizilinganisha na bibi wa New York. Mkono ulioinuliwa, joho refu lenye mikunjo, kichwa kilichozungukwa na mwanga, kazi ya kuongoza meli bandarini: undugu unaonekana hata kwa asiyejua kuchora. Magazeti ya Marekani yaliliona hilo wakati huohuo na kumsema Bartholdi kwamba anawauzia bidhaa iliyokataliwa na Mwarabu. Yeye alikana kwa nguvu. Ndiyo maana ile hadithi ya mezani ilimfaa sana, kwa kuwa ikiwa wazo la New York lilizaliwa 1865, basi lilitangulia la Suez. Binafsi sioni aibu yoyote kwa fundi kulirudia umbo alilolipenda, lakini aliyekuwa akiomba fedha alikuwa yeye, si mimi.

Hapo ndipo naona mbegu ya uvumi wa video yako. Kulikuwa kweli na mwanamke wa Kiafrika aliyetangulia kwenye karatasi za Bartholdi. Alikataliwa kweli, ila na mtawala wa Misri. Wala hakuwa na mnyororo wowote. Mnyororo ulikuja na wazo la pili.

Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia, dola kubwa ya Wajerumani, ikashindwa. Alsace ikachukuliwa, na Colmar, mji wa mama yake Bartholdi, ukawa Ujerumani. Mfalme aliyekuwa akisemwa kwa mafumbo akaanguka. Juni 1871 Bartholdi alipanda meli kwenda New York akiwa na barua za Laboulaye za kumtambulisha kwa wakubwa. Meli ilipokuwa ikiingia bandarini alikiona kisiwa kidogo kilichoitwa Bedloe's Island, chenye ngome ya zamani yenye umbo la nyota, mali ya serikali kuu, mahali ambapo kila chombo kinachoingia lazima kipite mbele yake. Akachagua hapohapo. Kisha akaizunguka nchi kwa treni hadi California akimshawishi kila mwenye jina, pamoja na Rais Ulysses Grant.

Mojawapo ya vielelezo vyake vya mwanzo kabisa, kidogo cha udongo wa kuchoma, kinahesabiwa kuwa cha mwaka 1870 hivi na kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la jiji la New York. Mkono wa kulia umeinua mwenge kama tunavyoujua. Mkono wa kushoto hauna kibao. Umeshika mnyororo uliokatika.

Hicho ndicho kielelezo ambacho wasambazaji wa uvumi hukitaja kama ushahidi wa sanamu nyeusi, pengine kwa sababu udongo wa kuchoma una wekundu wa kahawia. Sura yake ni ileile ya kike ya Kirumi ambayo wachongaji wa Ulaya waliitumia kwa kila kitu, kuanzia Haki mpaka Jamhuri. Lakini ukiisahau rangi na kuutazama mkono wa kushoto, utaona jambo kubwa. Mwaka 1870 mnyororo ulikuwa mkononi, mbele ya kila mtu. Kufikia miaka ya katikati ya 1870 mkono huo umeshika kibao chenye tarehe ya 4 Julai 1776 kwa namba za Kirumi, na mnyororo umeshuka chini, umekanyagwa, umefunikwa nusu na nguo.

Naamini sababu ni siasa na fedha. Mpango ulitangazwa rasmi mwaka 1875 chini ya umoja wa Wafaransa na Wamarekani ambao Laboulaye aliuongoza, na fedha zilitakiwa kutoka pande zote mbili za bahari. Marekani ilikuwa imetoka kuzika watu zaidi ya laki sita. Wenye uwezo huko New York walikuwa wanataka kufanya biashara na Kusini, hawataki kukumbushwa. Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliondolewa kulinda serikali za majimbo ya Kusini, na Waafrika waliokombolewa wakaachwa mikononi mwa mabwana wao wa zamani. Katika mazingira hayo tarehe ya 1776 haimuudhi mtu. Mnyororo mkononi ungewauliza wachangiaji swali ambalo wengi wao walikuwa wameamua kutolijibu.

Na Laboulaye mwenyewe alikuwa na hofu zake za nyumbani. Alikuwa mtu wa jamhuri lakini wa wastani, na Paris ilikuwa imeona damu ya Komyuni, uasi wa wananchi wa jiji hilo, mwaka 1871. Katika tafrija ya kuchangisha fedha kwenye jumba la Opera, Aprili 1876, aliwahakikishia wageni kwamba Uhuru huyu si yule wa kofia nyekundu na mkuki anayetembea juu ya maiti. Huyu ni Uhuru wa Kimarekani, na mwenge wake ni wa kuangaza, si wa kuchoma nyumba. Kwa wasikilizaji wake mnyororo uliokatika ungeweza kusomwa pia kama mwisho wa udhalimu wa aina yoyote, wa mfalme au wa makundi ya mitaani. Hilo mwalimu usilifiche darasani. Mnyororo haukuwa na maana moja.

Kama wanafunzi wako wanatafuta kisa cha kweli cha alama ya mtumwa iliyokataliwa na wakubwa wa Marekani, usiwapeleke New York. Wapeleke Washington. Juu kabisa ya kuba la jengo la Bunge kuna sanamu nyingine ya Uhuru, ya shaba nyeusi, iliyobuniwa na Mmarekani Thomas Crawford miaka ya 1850. Crawford aliichora ikiwa imevaa kofia laini ya uhuru, ile ambayo Warumi wa kale walimvika mtumwa siku anapoachiwa huru. Waziri wa Vita aliyesimamia ujenzi wa Bunge wakati huo aliikataa kofia hiyo waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba historia ya kofia hiyo ni ya watumwa walioachiwa, na haiwafai watu waliozaliwa huru. Crawford akaibadilisha, akaweka kofia ya chuma yenye kichwa cha tai na manyoya, na ndivyo ilivyo hadi leo. Waziri huyo aliitwa Jefferson Davis. Miaka michache baadaye alikuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyoasi.

Kisa hakiishi hapo. Mfano wa plasta wa sanamu hiyo ulipofika Washington kutoka Roma uliunganishwa, na wakati wa kuupeleka kiwandani hakuna aliyejua jinsi ya kuutenganisha bila kuuvunja. Mtaalamu wa Kiitaliano aliyejua siri ya maungio aligoma kuitoa mpaka aongezwe malipo. Aliyekitegua kitendawili ni Philip Reid, mtumwa wa mwenye kiwanda, Clark Mills. Alifunga kamba kwenye kitanzi cha chuma kilichokuwa kichwani mwa sanamu, akaivuta taratibu kwa winchi mpaka nyufa za maungio zikajionyesha zenyewe. Kwa kazi ya kutunza moto wa kuyeyushia shaba alilipwa dola 1.25 kwa siku, lakini za Jumapili pekee ndizo zilizoingia mfukoni mwake. Siku nyingine malipo yalikwenda kwa Mills. Aprili 1862 sheria ilifuta utumwa katika jiji la Washington, na sanamu ilipokamilika juu ya kuba tarehe 2 Desemba 1863, Reid alikuwa mtu huru. Ningekuwa na kipindi kimoja tu cha dakika arobaini, ningefundisha hiki.

Turudi New York. Ujenzi wenyewe una vitabu vyake na sitakaa hapo sana. Ngozi ya nje ni mabati ya shaba nyekundu yenye unene wa milimita 2.4, yaliyogongwa kwa nyundo juu ya kalibu za mbao. Ndani imeshikiliwa na mifupa ya chuma iliyobuniwa na Gustave Eiffel, kabla hajaujenga mnara wake wa Paris. Mkono wenye mwenge ulikwenda kwanza, ukaonyeshwa Philadelphia mwaka 1876 katika sherehe za miaka mia, kwa hiyo zawadi ya miaka mia ilifika mwaka huo ikiwa mkono peke yake. Mwili mzima ulifika New York Juni 1885 ndani ya meli Isère, umefungwa katika masanduku 214. Rangi ya kijani unayoiona ni kutu ya shaba iliyokuja baadaye. Siku ya kwanza ilikuwa na rangi ya sarafu mpya ya senti.

Kiweko kilikuwa mzigo wa Wamarekani, na waliburuta miguu. Matajiri hawakutoa. Gavana wa New York aliukataa mswada wa dola 50,000 mwaka 1884. Ndipo Joseph Pulitzer, mhamiaji kutoka Hungaria aliyekuwa na gazeti la World, akaahidi kuchapisha jina la kila mchangiaji hata wa senti moja. Kufikia Agosti 1885 watu zaidi ya 120,000 walikuwa wametoa kiasi cha dola 100,000, wengi wao chini ya dola moja kila mmoja, wakiwemo watoto wa shule. Yule gavana aliyekataa aliitwa Grover Cleveland. Tarehe 28 Oktoba 1886, akiwa sasa rais wa nchi, alisimama kisiwani kuipokea sanamu kwa heshima zote. Na aliyehutubia kwa niaba ya Wafaransa alikuwa Ferdinand de Lesseps, mtu wa Suez, ambaye aliurithi uongozi wa umoja baada ya Laboulaye kufariki 1883. Sijui Bartholdi alimtazama kwa jicho gani.

Laboulaye hakuiona siku hiyo. Katika sherehe utumwa haukupewa nafasi ya maana. Zilizungumzwa habari za urafiki, msaada wa Lafayette, yule jenerali Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani katika vita vyao vya uhuru, na nuru kwa mataifa. Lakini watu waliokuwa wamefungwa na minyororo, au waliokuwa bado wanafungwa kwa sheria, hawakunyamaza, na maneno yao yapo kwenye magazeti ya wakati ule. Novemba 1886 gazeti la Waafrika wa Marekani la mjini Cleveland, Cleveland Gazette, liliandika kwa hasira kwamba sanamu hiyo isukumwe baharini, mwenge na vyote, mpaka siku mtu mweusi wa Kusini atakapoweza kujitafutia riziki na kuitunza familia yake bila kuandamwa na Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi. Mwaka mmoja kabla ya hapo mhamiaji wa Kichina, Saum Song Bo, alichapisha barua akisema ni tusi kumwomba Mchina achangie kiweko cha sanamu ya Uhuru, wakati sheria ya 1882 imewafungia Wachina mlango wa nchi hiyohiyo. Na siku yenyewe ya uzinduzi wanawake wengi hawakuruhusiwa kisiwani; waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walikodi boti yao, wakaizunguka sanamu wakipiga kelele kwamba mwanamke wa shaba ana uhuru ambao mwanamke wa nyama hana.

Nimeyataja haya kwa sababu video yako inawafanya Waafrika wa Marekani wa wakati ule waonekane kama watu waliodanganywa. Walijua vizuri walichokuwa wanakitazama.

Maana ya tatu, ya wahamiaji, ndiyo iliyozifunika zile mbili za mwanzo, nayo haikuwa katika akili ya Laboulaye hata kidogo. Emma Lazarus, mshairi Myahudi wa New York, aliandika shairi mwaka 1883 kwa ajili ya mnada wa kuchangia kiweko. Alimwita bibi huyo Mama wa Wahamishwa na kumpa sauti ya kuwaita maskini waliochoka. Alifariki 1887 shairi likiwa limesahaulika, na kibao chenye maneno yake kilibandikwa ndani ya kiweko mwaka 1903 tu. Katikati ya miaka hiyo, Januari 1892, kituo cha kupokea wahamiaji kilifunguliwa kwenye kisiwa jirani cha Ellis Island, na hadi kilipofungwa 1954 watu wapatao milioni 12 walipita hapo baada ya kumpita bibi na mwenge wake. Walikuja wenyewe, kwa meli, wakiwa na matumaini. Waafrika walioletwa kwa meli za karne zilizotangulia hawakupokelewa na mwenge, na ukishaifanya sanamu kuwa ya wahamiaji tu, mnyororo unakosa wa kumhusu.

Uvumi wenyewe ulisambaa sana kwa barua pepe mwishoni mwa miaka ya 1990, kiasi kwamba Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, inayokitunza kisiwa, ilifanya uchunguzi na kutoa ripoti mwaka 2000. Ilikuta kwamba hakuna ushahidi wa mwanamke mweusi kutumiwa kama mfano wa sanamu, wala wa Wamarekani kuikataa sanamu ya aina hiyo. Ikakubali kwamba walioanzisha wazo walikuwa wapinga utumwa na kwamba mnyororo una uhusiano na hilo. Kuhusu sura, maelezo ya tangu zamani ni kwamba Bartholdi aliichukua ya mama yake, Charlotte. Wanaoziweka picha zao pamoja husema wanafanana. Mimi naona kila mama mkali wa karne ile anafanana naye.

Kwa hiyo darasani, mwalimu, usiwaambie wanafunzi kwamba wamedanganywa, ukaishia hapo. Waonyeshe fallaha wa Suez, kisha kielelezo cha udongo chenye mnyororo mkononi, kisha picha ya angani ya miguu ya sanamu yenyewe, waache wapange wenyewe nini kilihamia wapi. Wakitaka kujua kwa nini, wape mwaka 1877 na kofia ya Jefferson Davis.

Na jambo moja la kukagua kwenye hiyo video. Kama imeonyesha picha ya mwanamke mweusi aliyeinua taa ya kandili juu ya kichwa chake, sanamu hiyo ipo kweli na haina uhusiano wowote na Bartholdi. Iko katika kisiwa cha Saint Martin, Bahari ya Karibi, upande unaotawaliwa na Ufaransa, na ilisimamishwa mwaka 2007 kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa kisiwani humo.